Kutoka Kibada hadi Kariakoo: pantoni, daraja au mwendokasi?

Swali la msomaji: "Nakaa Kibada, Kigamboni, na kazi yangu iko Kariakoo. Nikitoka nyumbani saa 11:30 alfajiri nafika kazini saa 2 kasoro. Mimi ni mwenyekiti wa mtaa, na kamati ya maendeleo ya kata yetu inataka kupeleka hoja halmashauri kuhusu usafiri. Tumegawanyika. Wengine wanataka pantoni jipya lenye injini ya kasi, wengine daraja la pili pale Magogoni, wengine mwendokasi ufike mpaka kwetu. Tuombe kipi, na kama fedha ni kidogo tuanzie wapi?"

Mwenyekiti, kabla ya kuchagua chombo, ichukue safari yako uipasue vipande. Unatembea au unapanda bodaboda hadi kituoni. Unasubiri daladala ijae. Unashuka Kigamboni, unapanga foleni ya geti, unasubiri ukumbini, unaingia pantoni, unavuka, unatoka, unatembea hadi kituo cha mwendokasi cha Kivukoni, unasubiri tena, ndipo unaelekea Kariakoo. Muda unaokaa ndani ya chombo kinachotembea ni mdogo kuliko muda unaokaa umesimama mlangoni kwake. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache tu. Hoja yenu ikilenga kuongeza kasi ya vyombo, itatibu sehemu isiyouma. Mahali pa kupandia na kushukia ndipo safari ya Kigamboni inapokwama, na ndipo shilingi yenu ya kwanza inapotakiwa kwenda.

Nianze na pantoni, kwa sababu hesabu yake ni rahisi na inashangaza. Tuchukue kivuko cha mfano kinachobeba watu 800. Tuseme kuvuka ni dakika 5, kushusha dakika 4, kupakia watu na magari dakika 8. Upande mmoja ni dakika 17, kwenda na kurudi ni dakika 34. Kwa saa moja kivuko hicho kinakamilisha mizunguko 1.76, yaani kinavusha watu kama 1,410 kwa upande mmoja. Sasa nunueni injini kali, kuvuka kushuke kutoka dakika 5 hadi 3. Mzunguko unakuwa dakika 30, na watu wanafika 1,600 kwa saa. Mmeongeza asilimia 13, pamoja na bili kubwa zaidi ya mafuta.

Rudisheni injini ya zamani, safari hii mguse gati peke yake: kushusha kuwe dakika 2 na kupakia dakika 4. Mzunguko unashuka hadi dakika 22 na kivuko kilekile kinavusha watu 2,180 kwa saa, ongezeko la zaidi ya nusu, bila kununua chombo. Mkiwa na vivuko vitatu vinavyozunguka hivyo mnakaribia watu 6,500 kwa saa kwa upande mmoja.

Dakika hizo zinapatikanaje? Kwanza upana wa njia ya watu. Umati unaotembea kwa utulivu hupita kama watu 60 kwa dakika kwa kila mita moja ya upana. Njia ya mita 3 inapitisha 180 kwa dakika, kwa hiyo watu 800 wanahitaji dakika nne na nusu hata kama hakuna anayesukumana. Njia ya mita 6 inawamaliza kwa dakika mbili na kidogo. Mita hizo zihesabiwe pale palipo pembamba kuliko pote. Ukumbi mpana unaoishia kwenye mlango wa mita 2 ni njia ya mita 2, basi. Hapa ndipo matengenezo mengi yanapoharibika: paa jipya, viti vipya, sakafu mpya, kisha nguzo mbili za geti zinaachwa palepale zilipokuwa.

Pili, anayeingia na anayetoka wasikutane. Wanaoshuka wapite upande mmoja, wanaopanda wawe tayari wamekwishakata tiketi na kusimama karibu na mlango wao wa upande wa pili kabla chombo hakijagusa nchi kavu. Malipo yafanyike mbali na mlango wa chombo, mwanzoni kabisa mwa ukumbi, ili foleni ya kadi na foleni ya kuingia zisiwe foleni moja.

Tatu, magari. Jambo hili litaleta ubishi kwenye kikao chenu, lakini lisemwe. Gari dogo moja likiwa sitahani, pamoja na nafasi ya kufungua mlango, linachukua mita za mraba 10 hadi 12. Hapo wangesimama watu 30 bila kubanana. Kati ya saa 11 alfajiri na saa 3 asubuhi, gari lenye mtu mmoja linawaacha nje watu 29, na bado linarefusha upakiaji, maana watu lazima wangoje lipangwe. Mwenye gari ana njia nyingine, ni Daraja la Nyerere kule Kurasini. Mwenye miguu hana. Pendekezo linalotekelezeka ni kwamba kwenye saa hizo za asubuhi, na tena saa 10 hadi saa 1 jioni, kivuko kimoja au viwili vibebe watu, baiskeli, mikokoteni na gari la wagonjwa tu, kingine kiendelee na magari. Kuzuia magari kwenye vivuko vyote kwa mpigo mmoja kutawaumiza wenye vigari vya mboga na samaki, na hoja yenu itaanguka siku hiyohiyo.

Kuna jambo la nne ambalo mhandisi wa bara husahau, nalo ni maji kupwa na kujaa. Dar es Salaam siku za bamvua tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hupita mita 3. Pantoni linashusha mlango wake juu ya mteremko wa zege. Maji yakiwa yamekupwa sana, abiria anatembea sehemu ndefu zaidi ya zege iliyolowa na kuota mwani, anapunguza mwendo, mama mwenye mtoto mgongoni anashikilia kitu, na zile dakika 2 mlizozitafuta zinakuwa 5 tena. Dawa yake ni gati linaloelea kwa ajili ya watembea kwa miguu, lililounganishwa na nchi kavu kwa daraja dogo lenye bawaba. Gati linapanda na kushuka pamoja na chombo, hivyo hatua ya kuingia haibadiliki. Urefu wa daraja hilo hauchaguliwi kwa macho. Ukipanga kwa tofauti ya maji ya mita 3.5 na mteremko wa 1 kwa 12, ambao mtu wa kiti cha magurudumu anaumudu, unahitaji mita 42. Kwa mteremko wa 1 kwa 8 unahitaji mita 28, lakini umeshamfungia nje mtu huyo nyakati za maji kupwa. Ombeni mita 42 tangu mwanzo, kwa kuwa atakayepunguza bajeti baadaye ataanzia hapo.

Sasa daraja la pili pale Magogoni. Najua linapendwa, kwa kuwa ukisimama Kivukoni unaiona Kigamboni kama vile ungeirushia jiwe. Lakini ule mlango ndio lango la Bandari ya Dar es Salaam. Kila meli ya makontena inapita hapo. Daraja la chini haliwezekani. Daraja la juu linalopisha meli hizo linahitaji nafasi ya mita 50 au zaidi kutoka usawa wa maji. Barabara ya magari ikipanda kwa asilimia 4, mita 50 zinahitaji barabara ya kupandia yenye urefu wa mita 1,250 kila upande kabla hujaanza kuvuka. Upande wa mjini mita hizo zinapita juu ya Magogoni na Kivukoni, penye Ikulu, soko la samaki na majengo ya serikali; upande wenu zinapita juu ya nyumba za watu. Mtembea kwa miguu hapandi huko. Ndiyo maana Daraja la Nyerere, lenye mita 680 na lililofunguliwa mwaka 2016, lilipelekwa ndani kwenye mkono wa Kurasini, ambako halikulazimika kuzipisha meli kubwa.

Majirani zetu wa Mombasa wamelijaribu suala hilihili pale Likoni. Wakati wa Korona waliweka daraja la watembea kwa miguu linaloelea pale Liwatoni, lililoanza kutumika Januari 2021, ili kupunguza umati wa feri. Lilibidi liwe na sehemu ya kati inayofunguka kupisha meli. Daraja la aina hiyo linavusha watu kwa saa ambazo bandari imeridhia, na bandari haipangi meli zake kwa kufuata saa ya kuingia kazini. Kama kamati yenu itataka kulitaja daraja la pili, liandikeni kama jambo la miaka 20 ijayo, kisha nguvu zote zielekezwe kwenye daraja lililopo, ambalo bado halijatumiwa ipasavyo.

Daraja la Nyerere lina njia tatu kila upande. Njia moja ya barabara isiyo na mataa hupitisha kama magari 1,800 kwa saa, kwa hiyo njia tatu ni 5,400. Hakuna asubuhi ambayo sehemu ya juu ya maji yenyewe ndiyo inayobana. Kinachobana ni miisho yake. Kibanda cha tozo kikichukua sekunde 12 kwa gari, kupokea fedha na kurudisha chenji, kinapitisha magari 300 kwa saa. Ili kuzijaza njia tatu mngehitaji vibanda 18. Kikitumia kadi kwa sekunde 5, kinapitisha 720. Baada ya hapo gari linakutana na makutano ya upande wa Kurasini, kule Mandela na Kilwa. Mataa yakikupa kijani nusu ya muda, njia yako ya magari 1,800 imekuwa ya 900. Kupanua barabara ya kuja darajani, kama wengi wanavyoomba, kutaifanya foleni iwe pana badala ya ndefu. Na barabara mpya ikipata nafuu kwa miezi michache, waliokuwa wakivuka kwa pantoni watatoa magari yao, na nafasi itajaa.

Daraja hili linafaa zaidi kwa mabasi. Fikirieni basi la Kibada kupitia darajani hadi Kariakoo, lenye kubeba watu 70, linalotoka kila dakika 6. Ni mabasi 10 kwa saa, watu 700. Watu hao wakiwa kwenye magari madogo, mmoja na nusu kwa gari, ni magari 467. Kwenye kibanda cha tozo magari hayo yanakula zaidi ya saa nzima na nusu ya kibanda kimoja. Mabasi 10 yanakula dakika 2.

Idadi ya mabasi ya kununua ama kukodi inapatikana hivi: gawanya muda wa kwenda na kurudi, pamoja na kupumzika mwishoni, kwa dakika kati ya basi na basi. Mzunguko ukiwa dakika 90 na basi likitoka kila dakika 6, ni mabasi 15 barabarani. Ongeza asilimia 10 hadi 15 kwa ajili ya gereji, yawe 17. Foleni ya darajani ikiongeza dakika 30 kwenye mzunguko, mabasi yaleyale 15 yatatoka kila dakika 8, yaani abiria 525 kwa saa badala ya 700. Ili kurudi kwenye dakika 6 utalazimika kuwa na 20 barabarani. Kwa maneno mengine, foleni hiyo inakugharimu mabasi 5. Ukichora njia ya pekee ya mabasi kwenye mita 300 au 400 za mwisho kabla ya tozo, na mabasi yakapewa kibanda chao, umeyapata mabasi hayo 5 kwa bei ya rangi, nguzo na askari wa kusimamia wiki za mwanzo. Sijui mradi mwingine wa usafiri wenye faida kubwa kwa fedha ndogo kama huo. Kasoro yake ni moja: rangi peke yake haizuii mtu. Pasipo nguzo ngumu au kingo ya zege, bodaboda na magari binafsi yataijaza njia hiyo ndani ya wiki.

Kuhusu mwendokasi kufika Kibada, ningewashauri mwelewe kwanza kinachoufanya ufanye kazi, ili msiombe zege mkaletewa zege. Awamu ya kwanza ina kilomita 20.9, kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, na ilianza kutoa huduma Mei 2016. Uwezo wake mkubwa unatoka kwenye vitu vinne: njia yake yenyewe, jukwaa lililo sawa na sakafu ya basi, tiketi inayokatwa kabla ya kupanda, na nafasi ya basi kulipita lingine kituoni. Vitatu vya mwisho vinahusu mlango na kituo. Daladala ikipakia kwa ngazi na konda anapokea nauli, kila abiria anachukua sekunde 3 au zaidi. Jukwaa sawa na milango mitatu iliyo wazi hupunguza muda huo hadi chini ya sekunde moja.

Lakini mfumo huo una udhaifu ambao Dar es Salaam nzima imeuona. Mabasi yakipungua, watu wanarundikana; wakirundikana, milango haifungi, basi linakaa kituoni dakika mbili badala ya sekunde 30; likikaa hivyo, mzunguko unarefuka; mzunguko ukirefuka, mabasi yaliyobaki ni kama yamepungua tena. Kwa abiria 10,000 kwa saa na basi refu la watu 140, unahitaji mabasi 71 kwa saa, moja kila sekunde 50. Mzunguko wa dakika 100 unadai mabasi 119 barabarani na kama 12 ya akiba. Ukiwa na nusu yake, hupati nusu ya huduma, unapata chini ya nusu. Kwa hiyo hoja yoyote ya mwendokasi iandikwe pamoja na idadi ya mabasi, vipuri, mafundi na nani analipa basi likiharibika. Barabara ya zege bila hayo ni uwanja.

Kwa Kibada ya leo abiria hawajafika idadi ya kudai njia kamili. Sensa ya 2022 iliihesabu Wilaya ya Kigamboni watu 317,902, kati ya 5,383,728 wa mkoa mzima. Ni wilaya yenye watu wachache kuliko zote tano. Mnachohitaji ni mabasi yenye milango pande zote mbili: yapakie mitaani kwenu upande wa kushoto kama daladala, yavuke daraja, kisha yaingie kwenye njia ya mwendokasi ya Barabara ya Kilwa eneo la Uhasibu na kupakia upande wa kulia kwenye majukwaa yaliyopo. Abiria haunganishi gari. Wapanga usafiri huhesabu dakika moja ya kusubiri kama dakika mbili za kusafiri, kwa sababu ndivyo watu wanavyoihisi, na kila kuunganisha gari wanaiongezea adhabu yake. Ukimwondolea abiria muunganiko mmoja, umempa zaidi ya alichokipata kwa basi la kasi. Basi la namna hiyo linataka sakafu ya juu na ngazi za ndani kwa upande wa mtaani, kwa hiyo ni ghali kidogo, na madereva wafundishwe kulikaribia jukwaa kwa nafasi isiyozidi sentimita 10.

Turudi upande wa pantoni, maana hata basi la darajani likija, maelfu wataendelea kuvuka kwa maji. Kivuko hakileti watu mmoja mmoja, kinaleta wimbi. Watu 800 wakimwagika Kivukoni na asilimia 40 wakitaka mwendokasi, ni watu 320 kwa mara moja, zaidi ya mabasi mawili marefu. Ratiba inayosema "basi kila dakika tano" haiwasaidii: la kwanza linajaa hadi mlangoni, la tatu linaondoka nusu tupu. Kituo cha Kivukoni kinatakiwa kiwe na mabasi mawili au matatu yaliyokwisha kugeuza na kungoja, yaondoke baada ya wimbi. Mtu mmoja mwenye redio gatini, anayemwambia mwenzake wa kituoni "limeondoka Kigamboni", anatosha kabisa kuanzia. Kadi nayo iwe moja. Pantoni lina kadi yake tayari. Kadi hiyohiyo ikifungua geti la mwendokasi, foleni moja nzima ya tiketi inatoweka. Istanbul, mji mwingine unaoishi kwa kuvuka maji, wanafanya hivyo: kadi moja kwa vivuko, mabasi na treni.

Upande wa Kigamboni, kero kubwa ni stendi. Daladala inayosubiri kujaa inakaa kwenye nafasi ya kupakia dakika 15, kwa hiyo nafasi hiyo inahudumia magari 4 kwa saa. Ikikaa dakika 2, ingehudumia 20 kwa saa hata ukishatoa muda unaopotea wa kuingia na kutoka. Tengeni basi sehemu tatu. Pa kushushia pawe karibu kabisa na geti, gari lisizime injini. Pa kungojea pawe mbali, hata mita 200, ambako magari yanapumzika na makonda wanakunywa chai. Pa kupakia pawe na alama za njia, gari moja tu la kila njia kwa wakati mmoja, lingine linaitwa likiondoka. Bajaji na bodaboda wapewe mstari wao upande ambao hauvuki njia ya watembea kwa miguu. Msiwafukuze. Ndio wanaowaleta watu kutoka mitaa ambayo daladala haifiki, na stendi nyingi zilizopangwa vizuri zimekufa kwa sababu bodaboda walisukumwa nusu kilomita na abiria wakawafuata hukohuko.

Kabla ya kuandika lolote, hesabuni. Vijana sita, saa za mkononi na karatasi vinatosha. Chagueni Jumanne, Jumatano na Alhamisi zisizo na sikukuu wala mwisho wa mwezi, na siku moja ya mvua. Kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 3 asubuhi, kwa vipindi vya dakika 15, andikeni: watu walioingia getini, watu walioachwa chombo kilipoondoka, magari yaliyopanda na idadi ya watu ndani ya kila gari. Kwa kila kivuko andikeni nyakati nne: kimegusa, wa mwisho ameshuka, wa mwisho amepanda, kimeondoka. Pimeni kwa futi ya fundi upana wa kila mlango na kila kizuizi, na andikeni hali ya maji, yamejaa au yamekupwa. Kosa la kawaida ni kuhesabu waliovuka tu. Waliovuka ni kipimo cha uwezo wa pantoni. Mahitaji ni waliovuka jumlisha walioachwa, na namba hiyo ya pili ndiyo itakayosikika halmashauri.

Kila hoja ina mlango wake pia. Gati na vivuko ni TEMESA. Leseni na njia za daladala ni LATRA. Mwendokasi ni DART. Barabara za mitaa na mitaro yake ni TARURA, barabara kuu ni TANROADS. Barua moja iliyochanganya yote hurushwa huku na kule hadi mwaka unaisha. Andikeni barua fupi tano, kila moja ikiwa na jambo moja na takwimu zake, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na mapendekezo ya bajeti huanza kukusanywa miezi mingi kabla, kwa hiyo hesabu zenu ziwe mezani kabla ya Desemba.

Limebaki jambo ambalo hamkuliuliza, lakini kwa mji unaokua ndilo lenye haraka kuliko yote: ardhi. Kigamboni mnakumbuka Mji Mpya uliotangazwa 2008, watu wakazuiwa kujenga kwa miaka, na mji wenyewe haukuja. Machungu yale ni ya haki, na yamewafanya wengi wasitake kusikia neno "mpango". Hata hivyo njia za usafiri zinataka nafasi chache tu, na zinapatikana kwa bei nafuu leo kuliko kesho. Piga hesabu ya upana. Njia mbili za mabasi ni mita 7, njia nne za magari mita 13, njia za miguu mita 6, baiskeli mita 4, mitaro mita 3: jumla mita 33. Penye kituo, ongeza jukwaa la mita 5 na njia mbili za kupitana mita 7, inakuwa 45. Sheria ya Barabara ya 2007 inazipa barabara kuu hifadhi ya mita 30 kila upande, kwa hiyo penye hifadhi kamili nafasi ipo. Hatari iko kwenye barabara zenu za ndani, ambako viwanja vinapimwa na kuacha mita 12 au 15.

Ombeni maofisa mipango miji waweke biconi, yaani alama za mipaka, za njia mbili tu kwa sasa: moja kutoka darajani kupitia Kibada, na moja kutoka Feri kupitia Mjimwema. Kisha TARURA au TANROADS wakijenga, wajenge njia za magari pembeni na kuacha mita 7 au 8 za katikati zikiwa nyasi. Desturi ya kuweka lami katikati ya hifadhi ndiyo inayolazimisha kubomoa kila kitu miaka 10 baadaye. Walipwe fidia walioguswa na biconi sasa, wakiwa wachache, nyumba zikiwa za chini.

Na depo ya hayo mabasi 17, itakayohitaji kama mita za mraba 2,500 hadi 3,000 ukiacha gereji, isiwekwe bondeni kwa kuwa tu kiwanja cha bondeni ni cha bei rahisi. Depo ya mwendokasi ya Jangwani ilijengwa kwenye bonde la Mto Msimbazi, ambao unapokea maji tangu vilima vya Pugu na kuyamwaga baharini karibu na Daraja la Salenda. Mvua kubwa ikikutana na maji kujaa, mto hauna pa kumwaga, maji yanarudi nyuma, na huduma ya awamu ya kwanza imesimama mara kwa mara kwa sababu hiyo. Kwenu mchanga unanyonya maji vizuri kiangazi, lakini masika maji ya ardhini yanapanda karibu na uso. Chimbeni shimo la mita 2 kwenye kila kiwanja mnachopendekezewa, mwezi wa Aprili, mlitazame baada ya siku moja. Likiwa na maji, tafuteni kingine. Upande wa ufukweni kumbukeni mita 60 ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inazikataza kwa ujenzi wa kudumu, na kila mnapopima viwanja karibu na pwani acheni vichochoro vya kufika baharini, mita 4 au 5, visivyo na mlango wala mlinzi.